Kupeleka watoto wadogo kwenye tamasha la maputo, Albuquerque

Kila Septemba familia zetu zinazoishi Marekani huniuliza swali lile lile: tamasha la maputo ya hewa moto la Albuquerque, New Mexico, linamfaa mtoto wa miaka mitatu? Linamfaa sana, ila utamu wake kwa mtoto uko chini nyasini, kabla puto halijaruka. Wengi hufika saa mbili na nusu, wakakuta maputo yameshakuwa vitone angani na mtoto anadai kurudi nyumbani.

Tamasha huchukua siku tisa mwanzoni mwa Oktoba. Lilianza mwaka 1972 na maputo 13 kwenye maegesho ya magari ya madukani. Leo hurushwa mamia, na watazamaji huruhusiwa kutembea katikati yake.

1. Usiku wa kuamkia. Walaze watoto wakiwa wamevaa nguo za kesho. Mji uko juu zaidi ya mita 1,500, na baridi ya alfajiri inauma. Wavalishe nguo juu ya nguo, maana ikifika saa nne jua litakuwa kali na mtaanza kuzivua.

2. Saa kumi alfajiri mwe njiani. Watoto wa miaka 12 kushuka chini huingia bure. Tiketi za wakubwa nunueni mapema, pamoja na zile za mabasi yanayochukua watu kutoka maegesho ya mjini. Foleni ya magari binafsi huchosha watoto kabla ya shughuli kuanza. Mwanangu mdogo nambeba mgongoni kwa kanga, kwani kigari kinasumbua gizani penye umati. Ndani ya basi huwasimulia habari za kondoo, bata na jogoo waliorushwa kwa puto kule Versailles mwaka 1783, wakashuka wazima. Huulizwa hiyo hadithi mara tatu nne kabla hatujafika.

3. Chagueni puto moja, mkae nalo. Hapa ndipo pa kutulia. Mnamo saa kumi na mbili maputo machache hutangulia kuruka kupima upepo, yakiwaka kama taa za karabai. Kisha wenye puto lenu wanalaza kikapu ubavu, wanatandaza kitambaa nyasini na kuwasha feni kubwa. Mwanangu alichuchumaa hatua mbili tu kutoka pale, akawa anakitazama kitambaa kikitetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. (Msikikanyage kamwe.) Kikishajaa hewa baridi, rubani anafungua moto wa gesi, na puto linainuka taratibu mpaka linasimama refu kama ghorofa.

Moto huo unanguruma. Mwaka wa kwanza binti yangu alilia mpaka akatapika, nami nilikuwa sijamwandaa. Sasa tunafanya mazoezi nyumbani: nikisema "vuuu!" wanaziba masikio. Beba pia vifaa vya kuziba masikio.

Waonyesheni waongozaji waliovaa mistari myeusi na myeupe, wenye filimbi. Wanaitwa pundamilia, na bila ruhusa yao puto haliondoki. Marubani wengi hugawa kadi zenye picha ya puto lao. Mfundisheni mtoto kuomba kwa adabu.

4. Tazameni bendera. Kijani, wanaruka. Njano, wanasubiri. Nyekundu, hakuna kuruka. Mwambieni mtoto hivyo tangu nyumbani. Ikipanda nyekundu, jirani na uwanja kuna jumba la makumbusho ya maputo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Wangu wana miaka miwili na mitano. Nipande nao?*
Marahaba. Mimi nisingepanda nao. Wakati wa kutua abiria hukunja magoti na kushikilia kikapu kwa nguvu, na wa miaka miwili hawezi. Tena ukingo wa kikapu utamzidi kimo, hataona kitu.

*Mwanangu anauliza rubani anakataje kona.*
Puto halina usukani. Rubani hupanda au kushuka akitafuta upepo unaoelekea anakotaka. Albuquerque mara nyingine asubuhi upepo wa chini huelekea kusini na wa juu kaskazini, hivyo anaweza kwenda na kurudi karibu na alipoanzia.

*Chakula je? Sisi ni Waislamu.*
Chakula cha asubuhi pale ni buritto: mkate mwembamba uliokunjiwa mayai, viazi na pilipili ya kijani. Nyingi huwekwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo ombeni ya mayai na viazi tu, na ya watoto isiwe na pilipili. Mimi hubeba pia chapati na chupa ya chai ya maziwa.

*Baba watoto anaingia kazini alfajiri. Jioni kuna kitu?*
Kuna jioni ambazo maputo hayaruki. Husimama uwanjani na marubani huwasha moto, yakang'aa yote gizani. Tazama ratiba ya mwaka huo, na uwalaze watoto mchana. Kwa mtoto mwoga simameni mbali kidogo kwanza, msogee yeye mwenyewe akitaka.