Somo: Namna ya kuusoma mji wa kale wa soko Uingereza kwa miguu (tukianzia Saffron Walden)

Ndugu zangu, somo hili ni la yeyote anayeishi Uingereza, au anayekwenda kuwatembelea watoto na wajukuu huko, na angependa kuuelewa mji wa kale badala ya kupiga picha mbili na kurudi kituoni. Nitautumia mji mmoja tu, Saffron Walden, ulioko kaskazini mwa Essex. Ndio ninaoujua kuliko yote, na jina lake limo jikoni kwetu. Saffron ni zafarani. Neno lao na letu yote chanzo chake ni Kiarabu. Sisi lilitufikia pwani, wao likazunguka kwa Walatini na Wafaransa ndipo likawafikia.

Jambo moja mlishike kabla hatujaanza. Mji wa namna hii umezaliwa na gulio. Ngome, kanisa, nyumba za matajiri, hata reli, vyote vinaeleweka ukianzia uwanja wa soko.

Hatua ya 1: Nenda siku ya gulio

Saffron Walden gulio ni Jumanne na Jumamosi. Mara ya kwanza nilikwenda Jumatatu, nikakuta uwanja uko wazi, nikausoma mji kama mtu anayetazama shamba baada ya mavuno. Niliporudi Jumamosi ndipo nilipoona watu wanaingia kutoka njia zipi, wanakutana wapi, wanasimama wapi kuzungumza. Hayo ndiyo mapito ya karne nyingi.

Kutoka London, panda treni Liverpool Street, shuka Audley End, ni kama saa moja hivi. Kituo hakiko mjini, utapanda basi. Jiulize kwa nini kituo kiko mbali na mji, halafu subiri hatua ya 7.

Hatua ya 2: Uliza jina

Zamani mji huu uliitwa Chipping Walden. Chipping ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya soko. Ukiliona kwenye ramani, kama Chipping Norton au Chipping Campden, jua hapo palikuwa na gulio. Walden nalo ni bonde la "wageni". Waanglo-Saksoni waliwaita hivyo wenyeji waliowakuta, na neno hilohilo ndilo lililozaa jina la Wales. Mgeni kumwita mwenyeji mgeni! Zafarani iliingia kwenye jina baadaye, katika karne ya 16, ilipokuwa ndiyo inayolisha mji.

Hatua ya 3: Tafuta nani alipewa soko, na lini

Uingereza ya zama hizo mtu hakujianzishia soko hivihivi. Lilihitaji kibali cha mfalme, kwa kuwa aliyemiliki soko alikula ushuru wake. Hapa bwana mkubwa alikuwa Geoffrey de Mandeville, aliyejenga ngome ya mawe ya gumegume kilimani. Wakati huo nchi ilikuwa vitani, Mfalme Stephen upande mmoja na binamu yake Matilda upande wa pili, kila mmoja akidai kiti cha enzi. Mwaka 1141 Matilda, akihitaji kuungwa mkono na Geoffrey, alimpa hati ya kulihamisha soko la Newport, mji wa jirani, na kulileta Walden chini ya ngome yake.

Hebu fikirini hilo. Soko zima lilichukuliwa kwa mji mmoja likapewa mwingine, kwa ajili ya siasa za vita. Newport ipo mpaka leo, kijiji cha kupendeza kando ya barabara, na Walden ikawa mji. Magofu ya ngome bado yamesimama karibu na jumba la makumbusho, kuta nene zilizobaki mawe ya ndani tu.

Baadaye soko lilitoka mikononi mwa mabwana. Mwaka 1514 Henry wa Nane alikipa chama cha Utatu Mtakatifu, chama cha pale mjini, mamlaka juu ya soko. Mwaka 1549 Edward wa Sita akaupa mji hati ya kujiendesha wenyewe.

Hatua ya 4: Ingia vichochoroni

Hapa msiende mbio. Ukisimama uwanjani utaona pembeni kuna vichochoro vyembamba vimebanana: Market Row, Butcher Row, Mercers Row. Majina yanasema yenyewe: safu ya wachinjaji, safu ya wauza vitambaa. Swali ni kwa nini hapo pamebanana hivyo wakati High Street, mtaa mkuu, ni pana.

Jibu ni kwamba vichochoro hivyo vilikuwa sehemu ya uwanja. Mwanzoni soko lilikuwa eneo kubwa la wazi. Wachinjaji walipangwa mstari wao, wauza vitambaa wao, kama tunavyoona Kariakoo, viatu huku na vitenge kule. Kila gulio mtu aliweka meza yake na jioni akaiondoa. Baada ya miaka akaacha kuiondoa, kisha akaweka paa, kisha ukuta, kisha chumba cha kulala juu. Njia waliyopitia wanunuzi kati ya safu mbili za meza ikabaki kuwa kichochoro. Kwa hiyo ukipita Butcher Row unatembea kati ya meza mbili za wachinjaji wa karne za kati.

Kwenye kona ya King Street na Cross Street kuna nyumba ya kiunzi cha mbao yenye madirisha ya duka ya zamani, vichwa vyake vimechongwa kama matao. Isogelee. Madirisha ya duka ya aina hii hayakuwa na kioo. Yalifungwa kwa ubao, na asubuhi mwenye duka aliulaza ubao kwa nje ukawa meza ya kuuzia. Mnunuzi alibaki mtaani, muuzaji ndani. Mimi nilikulia mbele ya duka la namna hiyo, dirisha la mbao na kaunta yake, na niliposimama pale nilikaa kimya muda mrefu.

Hatua ya 5: Tafuta bidhaa iliyoujenga mji

Kila mji wa gulio una bidhaa yake. Hapa ni zafarani. Ua lake ni la zambarau, linachanua vuli, na ndani yake mna nyuzi tatu nyekundu tu. Hizo tatu ndizo zafarani. Kilo moja iliyokauka huhitaji maua yapatayo 150,000, yote yachumwe kwa mkono.

Padri William Harrison, aliyehudumu Radwinter, kijiji cha jirani, aliandika katika karne ya 16 jinsi kazi ilivyokwenda. Wachumaji waliwahi kabla jua halijachomoza, kwa kuwa ua likipigwa na jua hunyauka. Nyuzi zilichambuliwa, zikakaushwa juu ya tanuru ndogo kwa moto wa polepole. Wakulima wake walikuwa na jina lao, waliitwa "crokers". Harrison anasimulia pia kwamba mwaka mmoja mavuno yalizidi, bei ikaanguka, wakulima wakamnung'unikia Mungu kwa maneno machafu, naye padri akakasirika. Nikisoma hapo nawaona wakulima wetu wa nyanya mwaka ambao kila mtu amevuna.

Zafarani haikuwa ya chakula tu. Ilikuwa rangi ya vitambaa na dawa ya maradhi mengi. Na ilipendwa hadi ikawa nembo: nembo ya mji ni maua ya zafarani yaliyozungukwa na ukuta wa ngome. Kwa Kiingereza, "zafarani iliyozungushiwa ukuta" (saffron walled-in) inatamkwa karibu sawasawa na jina la mji wenyewe. Ingieni pia kanisa la Mtakatifu Maria, kanisa la parokia kubwa kuliko yote Essex, mtazame upande wa kusini. Maua hayo yamechongwa kwenye jiwe. Waliolijenga upya kanisa lile walikuwa na fedha, na sehemu ya fedha hiyo ilitoka kwenye nyuzi tatu nyekundu.

Hatua ya 6: Inua macho

Wenye mji walibadilisha milango ya chini mara nyingi, sehemu za juu wakaziacha. Jengo la Old Sun Inn, mtaa wa Church Street, lina lipu iliyofinyangwa picha: ndege, majani, na watu wawili wanaokabiliana, pamoja na mwaka 1676. Watu wa pale husema ni Tom Hickathrift na jitu la Wisbech, hadithi ya kale ya ukanda ule.

Hatua ya 7: Uliza nini kilifuata, na nini hakikufika

Zafarani ilipokwisha, mji haukufa. Shayiri ndiyo iliyoshika nafasi, na kimea chake cha kutengenezea bia. Ukoo wa Gibson ulitajirika kwa kimea na bia, kisha ukaingia kwenye benki. Jumba la soko la nafaka lilijengwa mwaka 1847 na 1848 pale pale uwanjani.

Sasa kituo cha treni. Reli kuu kutoka London ilifika eneo hili mwaka 1845 ikapita bondeni, mbali na mji. Njia ndogo ya kuingia mjini ilifunguliwa mwaka 1865 tu, na mwaka 1964 ikafungwa kwa abiria. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu kubwa ya vichochoro kubaki. Viwanda vikubwa vilikwenda palipo na reli kuu, na hakuna aliyehitaji kubomoa Butcher Row.

Hatua ya 8: Maliza maktaba

Lile jumba la nafaka ndilo maktaba ya mji leo. Ndani mna mkusanyiko wa vitabu vya zamani ulioanza na chama cha wasomi wa mji cha mwaka 1832. Nyaraka zenyewe, hati za mashamba, wosia, vitabu vya parokia, nyingi ziko ofisi ya kumbukumbu ya Essex, mjini Chelmsford. Nenda huko baada ya kutembea, maana hapo utakuwa na maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Dada, shukrani kwa somo. Kwa nini waliacha kulima zafarani? Sisi huku tunainunua kwa bei ya dhahabu.

Bei hiyohiyo ndiyo sababu, kaka. Kazi yake ni ya mikono mingi, na iliyotoka nje, hasa Hispania, ikawa rahisi zaidi. Mapishi ya Waingereza nayo yakabadilika, wakaacha kutia zafarani kwenye kila kitu. Kufika mwisho wa karne ya 18 ilikuwa imetoweka Essex. Miaka ya karibuni wapo walioanza kuilima tena huko, kwa kiasi kidogo na bei kubwa.

Mwanachama, Tanga: Zilifikaje hizo mbegu Uingereza?

Hailimwi kwa mbegu, hupandwa kwa tunguu. Mapokeo ya mji, yaliyoandikwa na Richard Hakluyt, mwandishi wa habari za safari, katika karne ya 16, yanasema hujaji mmoja aliiba tunguu moja nchi za mashariki akaificha ndani ya fimbo yake aliyoitoboa makusudi. Hakluyt mwenyewe aliandika kwamba ndivyo inavyosimuliwa pale. Mimi naipenda hadithi hiyo kwa sababu inaonyesha wenyeji walijua utajiri wao ulitoka mbali.

Mwanachama, Kakamega: Nimesoma mahali kuwa hao Gibson walikuwa Marafiki (dhehebu la Kikristo la Quaker). Ni Marafiki hawa wetu wa Kaimosi?

Ndio, ni madhehebu yaleyale, ingawa waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka Marekani. Marafiki wa Uingereza kwa muda mrefu walizuiwa kuingia vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na nyadhifa nyingi za serikali, hivyo wengi wakaelekea kwenye biashara. George Stacey Gibson, mwenye benki na mtaalamu wa mimea, aliufadhili mji kwa mengi, ikiwemo hospitali. Na benki ya familia hiyo ni mojawapo ya zile zilizoungana mwaka 1896 zikawa Barclays. Wewe wa Kenya unaijua vizuri, kabla haijaitwa Absa.

Mwanachama, Leicester: Mimi niko mbali na Essex. Nianzie wapi?

Panda treni uende Market Harborough, ni jirani yako na neno soko limo kwenye jina. Tafuta shule ya kale ya mwaka 1614 iliyosimama juu ya nguzo za mbao. Juu watoto walisoma, chini ilikuwa uwazi ili wauza siagi wakae kivulini. Kisha pima kwa macho upana wa High Street, ujiulize kwa nini waliihitaji pana vile.

Mwanachama, Birmingham: Nina watoto wawili, hawatavumilia vichochoro siku nzima.

Wapelekeni uwanja wa malisho ulioko mashariki ya soko. Kuna njia ya mzunguko iliyochongwa kwenye majani, kubwa kuliko zote za aina yake zilizobaki Uingereza, na kumbukumbu ya malipo ya kuikata ipo tangu mwaka 1699. Ukiifuata yote ni zaidi ya kilomita moja na haina njia ya mkato. Wangu waliizunguka mara mbili.

Mwanachama, Reading: Mama amekuja kutoka Moshi na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Mji una mteremko, lakini sehemu ya soko ataimudu. Mwende Jumamosi asubuhi. Mtafutie kiti karibu na chemchemi ya maji iliyowekwa uwanjani mwaka 1863, wewe ndiye uzunguke vichochoro na kurudi. Pale ataona kila anayeingia sokoni na anayetoka na kikapu. Mama yangu alikaa hapo saa mbili, akanisimulia gulio la kwao la zamani mwanzo hadi mwisho, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia nyumbani.