Somo: Kigeu ndani ya klasi kinaonekana hadi wapi? (Python)

Asalaam aleikum. Wengi hapa Pemba wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu, hawakwami kwenye klasi yenyewe (kielelezo cha kuundia vitu vya aina moja), hukwama kwenye kujua kigeu (jina linalobeba thamani) ni cha nani. Tuchukue vituo viwili vya kununulia karafuu.

Hatua ya 1. Andika hii, uiendeshe:

```
class Kituo:
    mizigo = []

    def __init__(self, jina):
        self.jina = jina

    def pima(self, kilo):
        uzito = kilo - 1   # toa gunia
        self.mizigo.append(uzito)

wete = Kituo("Wete")
mkoani = Kituo("Mkoani")
wete.pima(41)
print(mkoani.mizigo)
```

Inatoka `[40]`. Gunia limepimwa Wete, uzito umesomeka Mkoani! Na programu haikulalamika hata kidogo. Ndiyo maana naliogopa kosa hili kuliko yale yanayosimamisha kazi.

Hatua ya 2. Tazama kila kigeu kimezaliwa wapi. `uzito` kimezaliwa ndani ya methodi `pima`, yaani fankisheni iliyo ndani ya klasi. Methodi ikimaliza, nacho kimekwisha, ukikiita nje unapata NameError, yaani kosa la jina lisilojulikana. `self.jina` ni mali ya objekti, yaani kituo kimoja kilichoundwa kutoka klasi (`self` ndicho kituo hicho): Wete ina lake, Mkoani ina lake. `mizigo` kimezaliwa kwenye mwili wa klasi, kwa hiyo ni orodha moja tu, vituo vyote vinaitumia kwa shirika.

Hatua ya 3. Futa `mizigo = []` pale juu, uweke `self.mizigo = []` ndani ya `__init__`. Endesha tena: Mkoani inatoa `[]`.

Maswali

*Maalim, hapa sijafahamu. Niliweka `bei = 15000` kwenye klasi, kisha `wete.bei = 14000`. Mbona Mkoani imebaki 15000?*

Alama ya `=` imeipa Wete kigeu chake kipya, kikaifunika bei ya klasi. `append` haiundi kigeu. Inaongeza ndani ya orodha ileile. Ukitaka bei ishuke kote, andika `Kituo.bei = 14000`.

*Kabla sijafuta ule mstari niliandika `mizigo.append` bila `self`, nikapata NameError. Kwani kigeu si kipo pale juu?*

Kipo, ndugu yangu, lakini jina likitajwa ndani ya methodi, Python hupekua methodi hiyo, kisha fankisheni inayoizunguka kama ipo, kisha faili zima, mwisho majina yake ya asili kama `print`. Mwili wa klasi hurukwa. Java, lugha nyingine ya programu, hukuruhusu uache `this` (ndiyo `self` ya huko), na waliotoka huko ndio huteleza sana hapa.

*Na kigeu nilichokiunda ndani ya `if`?*

Kwenye Python kinaendelea kuonekana hadi mwisho wa methodi, maadamu mstari ule ulipitiwa. Kwenye Java kinaishia pale mabano yanapofungwa.