Somo: Kuchagua trekta dogo lililotumika kwa shamba la ekari 5 hadi 15

Wengi wanaotafuta trekta dogo huanza na chapa: Kubota au Yanmar, Massey au Swaraj. Mimi huwarudisha kwenye maswali matatu. Udongo wako ukoje? Nyuma utafunga zana gani? Spea zake zinauzwa mji gani? Ukishayajibu hayo, chapa hujichagua.

Kwa shamba la ukubwa huu, sokoni kwetu utakutana na makundi matatu. La kwanza ni Wajapani wadogo (Kubota, Yanmar, Iseki) wa nguvu za farasi 13 hadi 25. Mengi yalitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya Japani na huletwa yakiwa yametumika, mara nyingi pamoja na rotaveta yake (zana ya visu vinavyozunguka na kukatua udongo). La pili ni Massey Ferguson 135, iliyotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, na mdogo wake 240: silinda 3 za Perkins, farasi 45 hivi. La tatu ni Wahindi wa kati, kama Swaraj 724 ya farasi 25 au Mahindra 265 ya farasi 30.

Hatua ya 1: Anza na udongo na zana

Trekta huvuta kwa uzito wake, si kwa injini peke yake. Chukua Mjapani wa farasi 18 mwenye kilo 700, umfungie plau ya diski mbili kwenye mbuga nyeusi (udongo mzito wa mfinyanzi) iliyokauka. Injini itanguruma vizuri tu huku tairi zikichimba mashimo. Kazi inayomfaa ni rotaveta, kwa sababu pale nguvu inapita kwenye PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha zana) na visu vyenyewe husaidia kulisukuma trekta mbele. Kwenye tifutifu, kichanga au udongo wa mpunga wenye unyevu atakufurahisha.

Piga hesabu kabla hujampenda. Rotaveta ya mita 1.2 ikienda kilomita 2 kwa saa inalima mita za mraba 2,400 kwa saa. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo ni kama saa 1 na dakika 40, na ukijumlisha kugeuza ni saa 2. Mwenye ekari 6 atamaliza ndani ya siku 2 au 3. Mwenye ekari 15 anayesubiri mvua za kwanza ndipo alime, tena anataka kulimia majirani kwa kukodisha, atachelewa. Huyo aangalie Massey au Mhindi.

Massey 135 ina karibu tani moja na nusu, kwa hiyo plau ya diski mbili inaivuta bila mgogoro, na kwenye udongo laini hata tatu. Lakini kati ya mistari ya kahawa au machungwa ni pana, na kwenye jaruba lenye tope inazama. Mjapani mwenye upana wa mita moja na kidogo anapita penye kizuizi cha Massey.

Hatua ya 2: Soma namba ubavuni

Tarakimu za mwanzo mara nyingi hukaribia nguvu za farasi: Kubota L1501 ni 15, Yanmar YM1500 ni 15, Iseki TX1300 ni 13. Usiifanye sheria, ila inakulinda na dalali anayekuambia "hii ni farasi 30". Herufi za mwisho zinasema kama magurudumu yote manne yanavuta: DT kwa Kubota, D kwa Yanmar, F kwa Iseki.

Kama yanavuta manne, linganisha tairi za mbele na zile za kiwandani. Ekseli ya mbele imepangwa iende kasi kidogo kuliko ya nyuma. Mtu akiweka saizi yoyote aliyoipata, gia za mbele na za nyuma zinapigana, na anayeumia ni gia boksi. Kwa sababu hiyo hiyo, barabarani toa gia ya mbele.

Hatua ya 3: Tafuta spea kabla ya kulipa

Kwa Massey hatua hii ni fupi. Vifaa vya Perkins ya silinda 3 utavikuta Morogoro, Mbeya, Arusha, hata Nakuru kwa ndugu zetu, na fundi aliyewahi kuifungua hakosekani.

Kwa Mjapani chukua namba ya modeli na namba ya injini, kisha ulizia vitu vinne: filta ya oili, pleti ya klachi, nozeli (za kupulizia dizeli kwenye injini), na sili za ekseli ya mbele. Ukikosa kimoja, vumilia. Ukikosa viwili, bei ishuke hadi uweze kununua trekta la pili bovu la kukatia spea, la sivyo achana nalo. Watu hunicheka kwa ushauri huu, lakini wenye Wajapani wanaodumu mashambani, wengi wana mwenzake amelala nyuma ya banda.

Hatua ya 4: Kagua likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda hedi. Likiwa la moto, kunywa chai, subiri lipoe. Injini ya dizeli iliyochoka hujificha ikishapata moto. Asubuhi ndiyo inayomuumbua mwenyewe.

Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa radieta. Maji yenye utando wa oili ni dalili mbaya. Chomoa dipstiki: oili nyeusi ni kawaida kwa dizeli, lakini iliyopauka kama chai ya maziwa imeingiwa na maji. Huenda ni gasketi, huenda hedi imepasuka, na huwezi kujua mpaka ifunguliwe.

Sasa washa na utazame moshi. Mweupe kidogo unaoisha baada ya dakika chache si neno. Mweupe usioisha ni nozeli, mkandamizo mdogo wa silinda, au maji. Wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua, mara nyingi ringi za pistoni. Mweusi likiwa na mzigo ni hewa haipiti vizuri kwenye filta au dizeli inaingia nyingi. Injini ikiwa inazunguka taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mdogo sawa. Mvuke ukitoka kwa nguvu na kurusha matone, pistoni zinavujisha na ova hauli (kufungua na kukarabati injini nzima) iko njiani.

Usiiamini sana mita ya saa. Tazama pedali. Mita inayosema saa 700 pamoja na pedali ya klachi iliyolika mpaka imekuwa laini haviendani. Rangi mpya juu ya vumbi na grisi nayo inasema jambo.

Hatua ya 5: Gia, haidroliki na ekseli ya mbele

Inua rotaveta hadi juu, zima injini, subiri dakika 10. Ikishuka pole pole, sawa. Ikidondoka, sili za pistoni ya haidroliki au vali zimekwisha. Ingiza kila gia ukiwa unatembea, pamoja na ya kurudi nyuma, na washa PTO. Mjapani aliyeletwa moja kwa moja ana vibandiko vya Kijapani kwenye gia, kwa hiyo mwenye trekta akuonyeshe ipi ni ipi. Asiyejua gia za trekta lake hajalilimia.

Jambo ambalo wakaguzi wengi huliruka: trekta lililofanya kazi majarubani limekaa kwenye maji. Sili za magurudumu ya mbele zikichoka, maji huingia kwenye makasha ya gia. Legeza bolti ya chini ya kutolea oili na uache matone machache yadondoke. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yapo yatatangulia. Dakika 5 tu, na muuzaji akikataa umeshapata jibu.

Shika gurudumu la mbele, litikise. Mchezo (ulegevu) kwenye kingpini, yaani pini ambayo gurudumu hugeukia, na busi zake hautengenezeki kwa maneno.

Mwisho, fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka. Mengi ya zamani hayana. Likiwa na ya kiwandani, funga mkanda. Bila fremu usifunge, na bomba lililochomelewa mtaani lisikupe moyo wa kupanda kilima.

Hatua ya 6: Karatasi

Namba ya chasisi kwenye chuma ilingane na kadi ya usajili, na jina la mwenye kadi lihakikiwe TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla pesa haijatoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Ifakara: Mkuu, asante kwa somo. Nina ekari 3 za mpunga, majaruba madogo. Ninunue Yanmar au pawatila (trekta la mkono la magurudumu mawili)?

Jibu: Kwa ekari 3 na majaruba madogo, pawatila yenye magurudumu ya chuma inatosha, na ikikwama vijana wawili wanaitoa. Yanmar inaanza kuwa na maana ukifika ekari 6 na kuendelea, au ukiunganisha majaruba ili usigeuze kila baada ya hatua 20.

Mwanachama, Lushoto: Shikamoo mwalimu. Nimeonyeshwa Massey 135 yenye swichi ya Multi-Power (ya kubadili kasi ya juu na ya chini ndani ya kila gia). Shamba langu lina mteremko. Muuzaji anasema hiyo ni bora zaidi.

Jibu: Marahaba. Inaongeza gia, kweli. Ila swichi ikiwa upande wa chini, injini haizuii trekta kwenye mteremko, linateleza huru. Kwa shamba lako nisingeichukua. Na hata ile ya kawaida, breki zijaribiwe pale pale unapolima.

Mwanachama, Mkuranga: Nataka Mjapani wa kukata nyasi chini ya miembe kwa slasha (mashine ya visu inayofungwa nyuma ya trekta). Kuna tatizo?

Jibu: Moja. Mengi ya zamani PTO yake inapita kwenye klachi moja na gia boksi. Ukikanyaga klachi, slasha inaendelea kuzunguka kwa uzito wake na kulisukuma trekta mbele, mpaka kwenye mwembe. Kuna kiungio cha njia moja kinachofungwa kwenye shafti ya PTO: kinaruhusu slasha izunguke bila kurudisha nguvu. Usikate bila hicho. Hata baadhi ya Massey 135 zina klachi moja, kwa hiyo uliza.

Mwanachama, Nakuru: Bwana, huku 240 ni nyingi kuliko 135. Nilipe zaidi nipate 240?

Jibu: Injini ni familia ile ile ya Perkins, spea zinaingiliana sana. Lipa zaidi kwa hali yake, si kwa namba. 135 iliyotunzwa na mwenye shamba mmoja naichukua mbele ya 240 iliyokodishwa kila msimu kwa madereva tofauti.

Mwanachama, Kilosa: Kaka, nilifungua ile bolti ya chini kwenye Kubota. Yametoka maji, kijiko kizima, upande wa kushoto tu. Kila kitu kingine kizuri. Niache?

Jibu: Usiache bado. Inua mbele kwa jeki, toa gia, zungusha gurudumu la kushoto kwa mkono. Likizunguka laini kama la kulia, maji hayajakaa muda mrefu. Omba punguzo la sili, oili na siku mbili za fundi. Likikwaruza au kugonga, beringi na pengine gia zimeshaota kutu, na hapo rudi hatua ya 3: kama gia hizo hazipo nchini, mwachie mwenyewe.

Mwanachama, Kilosa: Linazunguka laini. Ameshusha bei, ila anataka nichukue na rotaveta.

Jibu: Chukua. Angalia visu na mnyororo wa pembeni kwanza.