Kupanga historia ya uchaguzi ya jimbo mkoani Dodoma

Anza na mipaka, majina baadaye. Jimbo la Mtumba lilimegwa kutoka Dodoma Mjini mwaka 2025, kwa hiyo kura za Dodoma Mjini za 2020 na 2025 hazilinganishwi hivihivi.

Jedwali liwe na mwaka, mgombea, chama, kura halali na zilizoharibika. Kwa chaguzi za 1965 hadi 1990, za chama kimoja, andika alama ya mgombea: jembe au nyumba.

Tangu 1995, chaguzi za vyama vingi, ongeza kura za maoni, yaani za ndani ya chama kumpata mgombea wake; wengi huzisahau. Jimbo la Mtera 2010, Livingstone Lusinde alimwangusha mbunge wake, John Malecela, ndani ya CCM. Matokeo ya uchaguzi mkuu wa Oktoba hayaonyeshi hilo.

Asilimia: gawanya kwa kura halali, si kwa waliojiandikisha. Uchaguzi mdogo upewe mstari wake.