Kabla hujaokota jiwe kwenye magwangala

Wadau mnaopenda kuokota mawe kwenye mashimo ya zamani, iwe Umba kule Tanga au Geita, kijirundo cha magwangala (mawe ya taka yaliyotupwa na wachimbaji) kuonekana kimetelekezwa haimaanishi hakina mwenyewe. Kwa sheria yetu madini yote ni mali ya umma chini ya Rais, na eneo lenyewe mara nyingi bado lina leseni ya mtu hata kama hajachimba siku nyingi. Kwa hiyo ingia kwanza kwenye ramani ya leseni ya Tume ya Madini mtandaoni, au nenda kabisa ofisi ya Afisa Madini Mkazi uulize kitalu ni cha nani, ukimpata mwenye leseni muombe ruhusa ya maandishi, halafu pitia kwa mwenyekiti wa kijiji maana akikuona tu na nyundo atakuita mwizi, na sungusungu hawanaga muda wa maelezo. Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, sahau kujipenyeza, kuna ukuta wa kilomita 24.5 na askari.

Nenda asubuhi baada ya mvua, vumbi limeoshwa na ganeti (aina ya vito) zinawaka zenyewe juani. Ukishindwa kutofautisha kwatzi na kalsaiti, mawe mawili yanayofanana, jaribu kwenye chupa: kwatzi inakwaruza chupa, kalsaiti haikwaruzi.

Ndani ya duara (shimo la kuchimbia) usiingie hata kidogo, hewa inaisha na magogo ya kuzuia kuta yameoza. Kwenye marudio ya dhahabu (mchanga uliobaki baada ya kuchenjua) usishike kwa mikono mitupu, kuna zebaki. Na ukitaka kuuza ni soko la madini, sio kichochoroni.