Kwenda Mbita kujifunza kupambana na kiduha

Nalima mahindi Tarime. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kiliponishinda, nilivuka mpaka wa Sirari nikaenda Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Huko kuna kituo cha ICIPE, watafiti wa wadudu, na wakulima wengi wanaotumia kilimo cha vuta-sukuma: mmea mmoja hufukuza wadudu shambani, mwingine huwavuta pembezoni.

Nenda Mei au Juni. Mahindi yakiwa bado machanga kila shamba linapendeza, hujifunzi kitu. Subiri kiduha kichanue maua yake ya zambarau, ndipo utaona shamba lenye desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kati ya mahindi, limetulia na la jirani limenyauka.

Beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na upigiwe muhuri wa kutoka na wa kuingia. Njia za panya achana nazo. Ukishavuka unapanda gari la Migori, kisha Homa Bay, kisha Mbita.

Kituoni siku mbili zinatosha. Omba wakuunganishe na mkulima, ukae kwake wiki nzima, ushike jembe. Mama aliyenipokea alichimba shina moja la mahindi, akalisuuza mizizi kwenye beseni. Kiduha kilikuwa kimeng'ang'ania mizizi ile kama kupe. "Dada," akaniambia, "huyu alianza kukuibia kabla hujamwona." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kung'oa peke yake hakunisaidii: mmea mmoja humwaga mbegu maelfu kwa maelfu, nazo hukaa ardhini miaka zaidi ya 10 zikisubiri mahindi. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu hizo lakini haizipi pa kushika, zinakufa. Harufu ya majani yake huwafukuza nondo wa bungua, wadudu wanaotoboa mabua ya mahindi, na mabingobingo, majani marefu ya kulisha ng'ombe, pembezoni huwavuta wakatage huko.

Chukua daftari na futi. Pima mwenyewe: mistari 3 ya mabingobingo kuzunguka shamba, sentimita 75 kati ya mistari ya mahindi, desmodiamu katikati yake. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana, changanya na mchanga mkavu ndipo uisie. Jifunze sura ya mche wake ungali mdogo, maana palizi la kwanza ni la mkono. Siku yangu ya kwanza niling'oa miche ya mwenyeji wangu nikidhani ni magugu, na iliniuma.

Kisha hili, nakuomba sana: usirudi na vipande vya mabingobingo kwenye begi. Magharibi mwa Kenya kuna ugonjwa wa kudumaa wa mabingobingo. Nimeuona kwa macho: shina zima limebaki chini ya goti, majani membamba ya manjano, ng'ombe hapati hata mzigo mmoja. Kipande kimoja chenye ugonjwa kinaweza kuuleta kijijini kwenu. Rudi na vipimo na maelezo, halafu mwone afisa ugani wako akutafutie mbegu na vipando safi huku nyumbani. Mimi nilisubiri msimu mzima kuvipata, nikaanza na robo eka.