Kiu isiyokatika: mambo ya kuandaa kabla ya kwenda kumwona daktari

Mama yangu mdogo alikuwa na jagi la plastiki la lita mbili, la bluu, likikaa chini ya kitanda. Alilijaza baada ya swala ya isha, na alfajiri lilikuwa tupu. Sote tulisema ni joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili. Alipofika zahanati akaulizwa kiu imeanza lini, anakunywa kiasi gani, anatumia dawa gani. Alijibu tu, "Nakunywa maji mengi, mwanangu," akaandikiwa dawa za UTI, akarudi nyumbani. Sukari ilikuja kupimwa wiki tatu baadaye, kwingine, ikasoma 24, kiwango cha juu mno. Nayaandika haya kwa ajili ya wale wiki tatu hizo bado hazijawapita.

Kwanza, kuna mgonjwa ambaye hapaswi kuandaa chochote zaidi ya nauli. Mtoto au mtu mzima mwenye kiu kali anayetapika, anayehema kwa nguvu na haraka, aliyelegea au anayesinzia ovyo, au ambaye pumzi yake inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo mtoto aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani akaanza tena, huku anakonda na kunywa maji bila kushiba: huyo apimwe sukari leo. Tone moja la damu kidoleni linatosha. Watoto wengi wenye kisukari cha aina ya kwanza hudhaniwa wana malaria, na kila siku inayopotea ni hatari kwao.

Kama hali si hiyo, tenga siku moja ya kupima. Chukua chupa ya lita moja na nusu, kila unachokunywa kipitie humo au kihesabiwe kwayo: maji, chai, uji, madafu, soda. Halafu mkojo. Asubuhi ukiamka, mkojo wa kwanza umwage, kisha kuanzia hapo kusanya wote kwenye dumu la lita tano mpaka kesho yake saa ile ile, ukiwemo wa asubuhi hiyo. Najua wengi wataona aibu, na nyumba ya kupanga yenye choo kimoja haisaidii. Lakini namba hiyo ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Mtu mzima anayezidisha lita tatu za mkojo kwa saa 24 ana jambo la kuchunguzwa. Andika pia umeamka mara ngapi usiku, na kama kilichokuamsha ni kiu au haja ndogo.

Kipimo hicho kinatenganisha watu wawili wanaolalamika kwa neno lile lile. Mmoja anakunywa sana na kukojoa sana. Mwingine mkojo wake ni mchache na wa njano iliyokolea. Huyu wa pili huenda anapoteza maji kwa jasho, homa au kuhara. Na kama mkojo ni wa kawaida, pengine ni mdomo tu unaokauka: amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva) na dawa za mafua na mzio hukausha mate, na anayelala mdomo wazi huamka na ulimi kama gome.

Kwa hiyo dawa zote zitie mfukoni uende nazo, pamoja na pakiti zake. Vidonge vya presha au moyo vya kukojoza, kama furosemidi, huleta kiu. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za kutuliza uvimbe na mzio, hupandisha sukari, na hapa niseme wazi: baadhi ya vidonge vya kunenepa vinavyouzwa mitaani vina deksamethasoni. Usione haya kuvitaja. Lithiamu, inayotumika katika matibabu ya akili, inaweza kuzifanya figo zishindwe kubana maji. Usiache dawa yoyote mwenyewe kabla hujaongea na daktari.

Soda na juisi ziache tangu leo. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huimwaga kwenye mkojo, nayo inavuta maji kwenda nayo. Mtu anaona kiu, anafungua soda baridi yenye zaidi ya gramu 30 za sukari, sukari inapanda, mkojo unaongezeka, kiu inarudi kali zaidi. Kunywa maji. Na kamwe msimnyime mgonjwa maji kwa kudhani kuwa ndiyo yanayomkojoza.

Ukiweza, nenda asubuhi ukiwa hujala kwa muda wa saa nane, ili sukari ipimwe kabla ya kula; maji yanaruhusiwa.

Sukari ikiwa sawa, usikubali iishie hapo. Omba figo zipimwe, na madini ya damu, hasa kalisiamu, maana ikizidi nayo huleta kiu na mkojo mwingi. Kama mna selimundu kwenye familia, sema: figo za mwenye selimundu hushindwa kubana mkojo, kwa hiyo mtoto huyo anahitaji chupa yake ya maji darasani na ruhusa ya kutoka. Kama uliwahi kuumia kichwa, tuseme kwenye ajali ya bodaboda, lisiache kutajwa. Jeraha la namna hiyo linaweza kupunguza homoni inayoziamuru figo zibane maji. Ugonjwa huo wa figo kutobana maji kwa miaka mingi uliitwa diabetes insipidus, jina linalofanana na la kisukari (diabetes mellitus) ingawa hauna sukari ndani yake, na mwaka 2022 wataalamu walipendekeza ubadilishwe jina kwa sababu wagonjwa walikuwa wakitibiwa kimakosa.

Ukipewa majibu, omba yaandikwe kwa namba na kipimo chake, si neno "imepanda kidogo". Mashine nyingi zetu husoma kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. Kabla ya kula, 7.0 na kuendelea ni kiwango cha kisukari, sawa na 126 kwenye mashine ile nyingine. Kwa mwenye kiu na mkojo mwingi, 11.1 ya wakati wowote, yaani 200, inatosha matibabu kuanza.